Alama ya Jua Kwenye Rimoti

Sib, Maskat
9 Februari 2024

Kaka Ulimboka,

Shikamoo. Mimi mzima, na mkono nilioungua kwa pasi umepona. Bibi Nasriya, mzee ninayemtunza hapa, anawasalimu wote, ila wewe bado anakuita Ulimbo na nimechoka kumsahihisha. Wifi Benedikta mpe pole ya meno. Salamu za Mama nimeziweka mwisho, kwa sababu wewe ndiye unayemsomea. Hapa chini napiga mstari. Yaliyo kati ya mstari huu na wa pili ni yako peke yako, ukimsomea uyaruke.

__________

Mama ndiye aliyetukataza simu na amri yake nimeiheshimu. Alisema kwenye simu tunafokeana mpaka kifua kinambana, na kwamba mtu akiandika kwa mkono atachoka kabla ya kumtukana mwenzake. Mimi sichoki. Nina hasira tangu Julai iliyopita, mlipomkuta amelegea chumbani na jiko la mkaa linawaka, madirisha yote yamefungwa. Ukaniambia ni bahati mbaya. Bahati gani, Kaka? Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, tumeshazika majirani kwa sababu yake, na nyumba yako iko uani hapo hapo.

Sasa nisikilize. Hapa kwa Bibi kuna viyoyozi kama ilivyo nyumba zote za Maskat, lakini kile cha chumbani kwake kinageuka kikatoa joto. Mwezi wa kwanza usiku panapoa huku, siyo kama kwetu, ila mifupa yake haitaki hata hicho kidogo. Anasema, "Bupe mwanangu, nna baridi, niwashie," nami nabonyeza alama ya jua kwenye rimoti, joto linashuka. Mwanawe Fahd, anayefanya kazi wizarani Al Khuwair, alinieleza kwamba mashine haichomi kitu chochote. Hata hewa ya baridi ina joto ndani yake, mashine inalikusanya huko nje na kuliingiza chumbani, kwa hiyo joto inalotoa ni kubwa kuliko umeme inaokula. Na umeme wenyewe unatoka kwenye sola zilizo juu ya paa. Hakuna moshi wala jivu.

Nimenunua mashine duka moja la Ruwi, mpya, pamoja na sola na betri zake, na kontena limeshaondoka. Ifungwe chumbani kwa Mama. Sola zielekee kusini, Fahd amerudia mara mbili, kusini. Na jiko la mkaa litoke kwenye nyumba ile siku hiyo hiyo. Sitaki hoja. Likizo mwaka huu imeshindikana tena.

__________

Mama, shikamoo. Nimekutumia joto, liko njiani. Usiliogope.

Bupe

* * *

Tukuyu
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Bupe,

Marahaba. Mvua haijatupa nafasi hata ya kuanika shuka. Wifi yako meno yamepona, kwa hiyo sasa mdomo unafanya kazi usiku na mchana. Mama anakusalimu. Alimkagua Cyprian, anayefanya kazi Darsait huko kwenu, alipokuja likizo na barua yako, akasema kama kijana huyu Darsait imemnenepesha hivi, mbona Bupe kwenye picha mashavu yameisha, anakula nini huko?

Maboksi yamefika salama. Mama aliyafuta vumbi kwa kitenge chake kipya kabla hajaturuhusu kuyafungua. Mashine nimeifunga na fundi Yassin wa Mbeya, ipo ukutani mbele ya kitanda, na majirani wamekuja kuiangalia. Mwenyekiti wa mtaa alivua viatu mlangoni.

Na mimi napiga mstari.

__________

Umeniandikia kama mtu anayemwandikia mfanyakazi wake. Zielekee, ifungwe, litoke, sitaki hoja. Kama hivyo ndivyo unavyosemeshwa huko, usinirudishie mimi.

Jiko lile nilikuwa nalitoa kila jioni, na akishanisikia nimefunga mlango wangu analirudisha. Ungekuwa wewe ungefanya nini, ungemfunga kamba? Nimemwomba ahamie kwangu mpaka nimechoka. Baba amelala pale mbele ya mlango wake, na anasema mke haondoki akamwacha mumewe nje peke yake. Hayo ungeyajua bila kuandikiwa kama ungekuwepo siku tulipomzika.

Sola nimezielekeza kaskazini. Umesoma vizuri.

__________

Mama anasema asante na anakuombea.

Ulimboka

* * *

Sib, Maskat
2 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Joto la huku sasa ni la kumfungia mtu ndani, nikitoka kwenda sokoni viatu vinalainika. Bibi hajambo, ila goti. Conjesta wa saluni ya Darsait amepata mtoto wa kiume na anawasalimu. Mama, shikamoo, hii ni Juni, naijua Juni ya kwetu, jifunike na uwashe mashine yako bila kuionea huruma.

__________

Nilikuambia kusini. Nyumba nzima ya Bibi, na majirani zake, na kila paa ninaloliona nikiwa juu kuanika nguo, sola zimeelekea kusini. Hawa watu wana jua la kumwaga na wanajua wanachofanya. Wewe ukageuza kwa sababu tu neno lilitoka kwangu. Tangu utotoni hujawahi kukubali kitu nilichotangulia kukijua.

Lakini hilo ni dogo. Dada yake Conjesta alipita nyumbani mwezi uliopita, na anasema sola hazipo kwenye paa la Mama. Zipo juu ya banda lako la kuku. Nilisoma ujumbe wake nikiwa namkanda Bibi miguu, ikabidi niache nikausome upya. Vifaranga wanahitaji joto, nalijua hilo, na wewe una vifaranga. Kama umemnyang'anya Mama joto lake ukalipeleka kwa kuku, sitakuja hapo kukusalimu hata siku moja. Nijibu bila kuzunguka.

__________

Mama, Cyprian amebeba soksi zako za sufu.

Bupe

* * *

Tukuyu
7 Julai 2024

Bupe,

Marahaba. Wifi yako na watoto wazima. Parachichi zimekubali mwaka huu. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Simsomei mtu barua hii, kwa hiyo sipigi mstari.

Kwanza jua. Huko kwenu Maskat jua linapita upande wa kusini, nakubali, Fahd ana haki ya kusema kusini. Huku kwetu mwezi wa sita linapita kaskazini. Hukumbuki Mama alikuwa anaanika kahawa upande gani wa nyumba? Miaka yako huko imekusahaulisha jua la kwenu linapita wapi, kisha unanifundisha mimi niliyelala chini yake jana.

Pili kuku. Paa la Mama limefunikwa na mparachichi aliouotesha Baba, na mti huo haukatwi, hilo nalo umelisahau. Banda ndilo lenye paa la wazi. Waya unatoka bandani unapita chini ya ardhi mpaka chumbani kwake, niliuchimbia mimi kwa jembe. Kuku wangu wana taa yao ya zamani. Umeniita mwizi wa mama yangu kwa maneno ya mtu aliyepita barabarani.

Tatu, na hili ndilo. Mashine yako haitoi joto. Tangu siku ya kwanza. Ukibonyeza alama ya jua inawaka, inapuliza, na inachopuliza ni upepo wa baridi. Nilidhani ni mawingu, nikaiunga na umeme wa kawaida, ikawa vile vile. Nilimwita Yassin akafungua kile kisanduku cha nje. Anasema mashine inayotoa joto ina vali inayogeuza njia ya gesi, na hii haina, haijawahi kuwa nayo. Imetengenezwa kupoza tu. Umemtumia Mama mashine ya kuleta baridi, Tukuyu, mwezi wa sita.

Ulimboka

* * *

Sib, Maskat
4 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo na tuendelee.

Mashine niliyonunua ina jua kwenye rimoti. Nililiona kwa macho yangu dukani, ni lile lile lililo kwenye rimoti ya Bibi, na sanduku la mashine lilikuwa halijafunguliwa. Kama Yassin anasema vali haipo, basi Yassin ndiye wa kuulizwa iko wapi. Au ameshirikiana na mtu. Sisemi nani.

Na mimi barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko unavyofikiri. Salamu za Mama hazimo. Kila barua huwa zimo, hata ile uliyoniandikia ukiwa na malaria. Na unasema humsomei. Na umekaa kwenye benchi. Nyumbani kwetu hakuna benchi, kuna vigoda na viti viwili vya Baba. Ni benchi gani hilo, Ulimboka?

9 Agosti

Naendelea hapa hapa kwa sababu barua haijapata mtu wa kuibeba.

Jana nilimpa Fahd namba ya mashine iliyokuwa kwenye risiti, nikitaka aniandikie kuwa mashine ni nzima nikuletee ushahidi. Akaitazama namba, akaniuliza, "Hii umepeleka wapi?" Nikamwambia kwa mama yangu, milimani, kwenye baridi. Akairudia namba kwa kidole. Kisha akasema, "Dada Bupe, hii ya kupoza tu, wallahi. Maskat nani atanunua joto? Ile ya mama nliagiza mahsusi, nlingoja miezi." Nikamwonyesha picha ya rimoti yenye jua. Akasema kiwanda kinatengeneza rimoti moja kwa mashine zote, na hilo jua halina maana kama mashine yenyewe haina joto.

Sikumuuliza muuzaji. Niliona jua nikajua ninajua. Nilitembea kutoka dukani nikiwa na furaha mpaka nikapitiliza kituo cha basi.

Haya, umeshinda. Kaskazini umeshinda, vali umeshinda. Nimekasirika kwa kuwa umeshinda, na nimekasirika zaidi kwa kuwa uliniacha miezi mitatu ndipo useme. Izime hiyo mashine. Na unijibu kuhusu benchi.

Bupe

* * *

Tukuyu
15 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Nimeanza na hilo ili uendelee kusoma ukiwa umekaa.

Lilikuwa benchi la hospitali, nje ya wodi ya wanawake. Alinikataza nisikuambie, akaniapisha kwa jina la Baba, na nimekaa na kiapo hicho mpaka kimenitoa jasho. Amerudi nyumbani, anakula, anagombana na Benedikta kuhusu chumvi. Kwa hiyo kiapo nimekivunja.

Uliuliza kwa nini sikusema mapema. Sikujua mapema kwamba shida si mawingu. Kila asubuhi nilipomuuliza alisema, "Joto la Bupe ni zuri." Nikiingia jioni namkuta mashine inapuliza, amevaa koti la Baba na kujifunika blanketi mbili, amekaa mbele yake. Nikimwambia Mama mbona humu baridi, anasema limo njiani, limetoka mbali. Majirani wakija anawaketisha pale wapulizwe, na wao wanasema asante, wanaondoka wakipiga chafya. Hakutaka mtu akuandikie kwamba zawadi yako haifanyi kazi.

Na jiko la mkaa, ambalo nililitoa mbele ya macho yake na kulifungia stoo, alinunua jingine dogo sokoni. Alilificha nyuma ya kitanda. Usiku analiwasha huku mashine inapuliza juu yake, ili asubuhi aweze kusema joto lilikuwepo. Benedikta ndiye aliyesikia kitu kimeanguka. Tulivunja kitasa.

Kwa hiyo, Bupe, nilipokuandikia kuhusu vali nilikuwa natoka kumwangalia amevalishwa mpira wa hewa puani. Ndiyo maana barua ilikuwa kali. Siombi radhi. Wewe ulinitumia barua ya kuku, niliipokea kwenye lango la hospitali, na nilitaka kuichana nikakosa nguvu.

Jambo moja nimelishikilia muda mrefu na leo nalitoa. Kila usiku mtoto mmoja wa mama yangu anamfunika mama wa mtu mwingine na kumbonyezea joto. Unapata likizo au hupati? Maana Cyprian yuko kazi moja na wewe, nchi moja, na anakuja mara mbili kwa mwaka mpaka mbwa wetu hambwekei.

Ulimboka

* * *

Sib, Maskat
6 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako jikoni siku nzima ya mapumziko. Bibi aliniita mara tatu nikachelewa kumwitikia, na siyo kawaida yangu.

Nimezungumza na Yassin mwenyewe. Ndiyo, simu, Mama alitukataza mimi na wewe, hakunikataza fundi. Nimemwomba radhi. Ameniambia mashine yenye vali inapatikana Dar es Salaam kwa kuagiza, akaisoma karatasi yake kwa sauti, kisha akaomba atume picha Fahd aione. Fahd amesema hiyo ndiyo. Hakuna kitu kitakachotoka tena Maskat. Yassin anasema pia joto halikai kwenye chumba kisicho na dari, linapanda kwenye bati na kwenda zake, kwa hiyo piga dari na uzibe zile tundu za juu ya ukuta. Mchana sola zitajaza betri, mawingu yakizidi utaunga na umeme wa kawaida. Nakuomba, sikuamrishi. Sola zibaki kaskazini.

Jiko dogo livunjwe. Hilo naamrisha.

Kuhusu likizo. Ukitoa begi kutoka juu ya kabati, Bibi analia. Halii kwa sauti, machozi yanateremka tu huku anakwambia nenda mwanangu, nenda. Mara zote nimelirudisha begi juu. Usinijibu chochote kuhusu hili, nina hasira ya kunitosha.

Mama, shikamoo. Nisamehe ile baridi.

Bupe

* * *

Tukuyu
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Bupe,

Marahaba. Sisi wazima. Dari nimelipiga, tundu nimeziba kwa mbao na udongo, mashine mpya imefungwa pale pale ya zamani ilipokuwa. Ile ya baridi nimeitoa, Yassin anasema atampelekea mwenye bucha mjini. Sikukujibu kuhusu begi, kama ulivyotaka.

Mama amenikalisha chini ameniambia niandike anavyosema yeye, bila kuongeza wala kupunguza. Amesimama nyuma yangu. Hapa anaanza.

Bupe mwanangu. Mimi kusoma sijui lakini mstari nauona. Barua zako za kwanza zina mstari, na Ulimboka akiufikia anakohoa na kugeuza karatasi. Juzi nimemwambia anisomee yote, ya juu ya mstari na ya chini yake. Amesoma mpaka sauti ikamkauka, na aliyokujibu yeye akanisimulia. Nimesikia kuku, nimesikia mwizi, nimesikia kaburi la baba yenu mnavyolirushiana.

Nilijua jioni ya kwanza kwamba mashine ni ya baridi. Mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Nilisema moyoni, nikisema watapigana. Nikanyamaza, mkapigana vile vile. Wewe uliuliza sola zimeangalia wapi. Ulimboka aliuliza nani amekosea. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimelala vizuri kwa namna ya kutaka kusikia jibu. Kwa hiyo na mimi nimekasirika, na sijamaliza, na jiko lile nililinunua kwa sababu nilikuwa nasikia baridi, siyo kwa sababu ni mjinga.

Hii mpya ni ya kweli. Yassin aliiwasha na chumba kikapata joto mpaka nikavua koti la baba yenu. Nikamwambia basi, zima. Sasa mvua zimeanza, baridi yenyewe ni ya mwezi wa sita, mashine haina kazi kwangu leo. Rimoti ninayo mimi. Imelala chini ya mto wangu, na Ulimboka ameitafuta hajaipata, sasa hivi ndiyo anajua ilipo na hataigusa.

Maneno yaliyobaki siyo yako, ni ya huyo mama wa Sib. Mkalie karibu umsomee polepole, usiruke kitu.

Mzee mwenzangu, shikamoo kama umenitangulia, marahaba kama nimekutangulia mimi. Nasikia begi la Bupe likishuka unalia. Sikulaumu. Mimi sijalia kwa sababu ya begi, kwa kuwa halijafika huku nikaliona. Nyumba yangu ina joto sasa ila haina wa kuliwasha. Nakuomba unikopeshe binti yangu mwezi wa sita, aje anibonyezee lile jua kwa mkono wake. Nitamrudisha.